Mistari Miwili ya Alvina Stolp

Huko kwetu Dakota mtu aliingia gazetini kwa kunywa kahawa. Msidhani natia chumvi. Ukienda kwa shemeji yako Jumapili, mkala nyama ya kuoka na viazi, mkacheza karata hadi saa kumi, Jumatano ulijisoma: Bwana na Bibi fulani walikuwa wageni wa fulani, wakaburudika sana. Basi, ndiyo habari yenyewe. Na watu walivikata vipande hivyo kwa mkasi wakavihifadhi ndani ya Biblia.

Aliyeandika vipande hivyo kwa upande wa kusini wa mji wa Orrin alikuwa Alvina Stolp, na mimi ndiye niliyevipanga kwenye ukurasa. Nawasimulia habari zake kwa sababu wanaomkumbuka wamebaki wachache, na hao wachache wanamkumbuka kwa jambo moja tu. Nitalifikia. Na mimi nina sehemu yangu humo, sitaificha.

Magazeti yetu yalikuwa ya ukoo wa Haugland. Mzee Nils Haugland alianza mjini Kessel mwaka 1909, na mashine moja ya kusukuma kwa mkono aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Alikuwa seremala, shule hakuimaliza, lakini alijua watu wanapenda nini. Alijiwekea sharti: kila mtu wa wilaya alione jina lake gazetini angalau mara mbili kwa mwaka, mbali na alipozaliwa na atakapozikwa. Ndipo akawatafuta akina mama wa mashambani wamwandikie nani kaenda kwa nani. Mwanawe Conrad akanunua *Mlinzi wa Orrin*, kisha *Nyota ya Swan Fork*, kisha mengine, hadi yakafika manane. Zamani kila mji ulikuwa na mashine yake, mhariri wake na ugomvi wake. Mwaka 1968 Conrad akazifunga mashine zote za mijini, akaleta moja kubwa pale Kessel. Miji ikabakiwa na ofisi za chumba kimoja, mama wa kupokea matangazo, na paka.

Kisha akaja mjukuu, Wendell, na yeye alikuja na rula. Kurasa za ndani zikawa zilezile kwa magazeti yote manane. Kilichobadilika ni ukurasa wa mbele na ukurasa wa majirani, na huo wa majirani ulipimwa: kila mwandishi mistari tisini, isizidi, isipungue, mashine isije ikasubiri.

"Lester," aliniambia siku moja, "nafasi tupu ni shimo. Msomaji akiona shimo anadhani tunakufa."

Nikaitikia. Nilikuwa mtu wa kuitikia.

Alvina alizaliwa kwa Wajerumani wa kusini ya mto, akasoma hadi darasa la nane, akaolewa na Emil Stolp aliyekuwa mpole kuliko ng'ombe wake. Alifuga kuku, akafiwa na Emil, goti likaanza kumsumbua. Safu yake aliianza mwaka 1948. Kila Jumatatu, akishaanika nguo, alikaa kwenye kiti kirefu chini ya simu ya ukutani jikoni, na orodha ya nyumba thelathini na mbili iliyofuata alfabeti, akaanza kupiga. Nilimkuta siku moja nimepeleka karatasi, nikamsikia akizungumza na Ione Dahl.

"Ione, nani kaja jana?"

"Hakuja mtu, Alvina. Tumelala tu."

"Niandike mmelala?"

"Thubutu! Andika Orville ametengeneza uzio."

"Na theluji hii?"

"Basi andika anafikiria kuutengeneza."

Alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Lakini aliandika kweli, kwamba Orville Dahl anafikiria kutengeneza uzio wake, na Orville akataniwa mgahawani wiki nzima. Huyo ndiye Alvina. Hakumsema mtu vibaya hata siku moja, na hakuandika neno ambalo hakuambiwa. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo.

Sasa katika nyumba zile thelathini na mbili, moja ilikuwa ya Selmer Brekke. Selmer hakuoa. Alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe, anaishi peke yake kwenye shamba la baba yake, jirani wa karibu akiwa ni huyo Ione, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Kumpigia simu ilikuwa kazi ya kupigania pumzi.

"Selmer! Ulikuwa na wageni?"

"Wagonjwa? Nani mgonjwa?"

"Wageni!"

"Mimi mzima, Alvina. Pole kwa mgonjwa wako."

Na wageni wake walijulikana. Binamu yake Arne Tveit na mkewe Gudrun walikwenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa, wakampelekea mkate mwembamba wa viazi, wakanywa kahawa, wakaondoka kabla ya giza. Miaka kumi na moja bila kukosa. Basi Alvina akaacha kumpigia. Akaacha kumpigia Gudrun pia kwa habari hiyo. Kila Jumatatu aliandika tu: Bwana na Bibi Arne Tveit walikuwa wageni wa Selmer Brekke Jumapili mchana. Aliniambia mwenyewe, akicheka, kwamba mstari ule anaweza kuuandika usingizini. Nikacheka naye. Wakati huo ilikuwa kweli, mnaona, na kwa kuwa ilikuwa kweli hatukuona kosa.

Jumanne ya tarehe 13 Februari 1979, asubuhi, naibandika safu yake kwenye ukurasa, nikapima. Mistari themanini na nane. Wendell alikuwa amesimama mlangoni na saa yake. Nikamwinulia Alvina simu.

"Umenipungukia mistari miwili, mama."

"Ah, Lester, watu wana mafua. Hakuna aliyetoka."

"Nipe chochote."

"Sina."

"Alvina, mashine inangoja. Chochote tu."

Namsikia anageuza karatasi. Kisha akasema, "Haya. Pale kwa Selmer, baada ya akina Tveit kuwa wageni wake, ongeza: walimkuta mzima, na anafikiria kwenda kukaa siku chache kwa dada yake Minnesota."

Selmer alisema hivyo kila Februari, na hakwenda hata Februari moja. Nilijua. Nikabandika, ikatimia tisini, Wendell akashusha saa yake.

Jumapili ile Arne alikuwa kitandani na homa, na Gudrun akimkanda. Hawakwenda. Walimpigia Selmer Jumamosi kumwambia, akaelewa nusu. Na asubuhi ya Jumapili Selmer alishuka chumba cha chini ya nyumba kuchukua viazi, ngazi ya tatu ikamtupa. Nyonga ikavunjika. Humo chini mlikuwa na tanuru la mafuta lililopasha nyumba joto, ndilo lililomwokoa na baridi, na rafu ya mapichi ya makopo aliyogawiwa na akina mama wa kanisa. Alijikokota hadi kwenye rafu. Akanywa maji ya mapichi.

Jumatano mchana Ione Dahl alitazama dirishani akaona sanduku la barua la Selmer kule barabarani, mlango wake haufungiki kwa barua zilizojaa tangu juzi. Akavaa buti. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango, ndivyo alivyonieleza baadaye, Orville akasema toka mezani, "Unakwenda wapi?"

"Kwa Selmer. Hajachukua barua."

"Keti, mama. Gazeti hili hapa. Akina Tveit wamemkuta mzima, naye kaenda kwa dada yake."

"Kaenda kweli mwaka huu?"

"Imeandikwa."

Akavua buti. Mgawa barua naye alikuwa amesoma, akawa anazifunga barua zake kwa kamba na kumwekea posta hadi arudi. Ikapita Jumatano, ikapita Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu ikalia kwa Ione. Alikuwa yule dada, toka Minnesota.

"Ione, samahani kukusumbua. Kaka yangu hapokei simu. Najua hasikii, lakini nimempigia tangu jana."

Ione akasema, "Lakini si yuko kwako?"

Aliniambia kwamba baada ya maneno hayo aliiacha simu inaning'inia.

Walimkuta hai, anazungumza Kinorwe ambacho hakuwa amekizungumza tangu mama yake afe. Hospitali ya wilaya ikampeleka kwenye kubwa zaidi, na huko wakamkata mguu juu ya goti. Daktari alimweleza dada yake kwamba hata Jumatano pengine ungepona. Siku mbili za mwisho ndizo zilizoumaliza.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo aibu ilipoanza kukua. Watu hawakumuuliza Alvina. Gazeti halikosei. Watu waliwauliza akina Tveit. Mlikwendaje Jumapili mkamkuta mzima, na mtu alikuwa chini ya ngazi? Arne akasema, hatukwenda, nilikuwa na homa. Wakamtazama. Mbona imeandikwa mlikwenda? Kabla ya wiki kwisha kulikuwa na maelezo: walibisha hodi, hakuna aliyejibu, wakaona baridi, wakarudi nyumbani, kisha wakamwambia Alvina uongo ili waonekane wamekwenda. Maelezo mazuri kabisa. Yalitosha kila mahali.

Gudrun alimpigia Alvina.

"Nani alikuambia tulikwenda?"

"Ngoja... ngoja nitazame daftari langu, Gudrun. Nitakupigia."

Hakumpigia. Daftari halikuwa na kitu, naye alijua.

Alinipigia mimi. Sauti yake sikuitambua. "Lester, mistari ile."

"Usijisumbue," nikasema. "Akina Tveit ndio waliokosa kwenda."

Nilisema hivyo. Nimekuwa na miaka mingi ya kutamani ningemeza ulimi. Nilisema hivyo kwa sababu mistari ile niliiomba mimi.

Wiki tatu alinyamaza. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, akina mama walipanga vitu vyao vitamu mezani kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kama kawaida. Gudrun alileta sinia yake ya vipande vya tende. Alvina alipita na sahani kwenye foleni. Mbele yake mama mmoja akaruka sinia ile, wa pili akairuka. Ilipofika zamu yake, Alvina naye akairuka. Aliniambia mkono ulikwenda wenyewe. Gudrun alikuwa amesimama palepale na birika la kahawa, akamjazia kikombe, akasema, "Na maziwa?" Sinia ile ilirudi nyumbani imejaa.

Kesho yake, Jumatatu, Alvina hakupiga simu hata moja. Alimwomba mpwa wake ampeleke kwenye nyumba ya wazee pale Kessel, ambako Selmer alikuwa amehamishiwa. Shamba lilikuwa limekwisha kutangazwa mnada. Nilikuwepo, maana nilimpelekea Selmer magazeti kila wiki, na siku hiyo nilitamani nisingekuwepo.

Alivuta kiti, akasema kwa nguvu, ukumbi mzima ukasikia, "Selmer, niliandika uongo. Akina Tveit hawakunitumia habari. Niliitunga."

"Najua," Selmer akasema. "Nilisoma hospitalini. Nikasema, huyu Selmer ana bahati, anakwenda kwa dada yake, naye ana miguu yote miwili."

Alicheka peke yake. Sisi hatukuweza.

Kisha akasema, polepole, akitazama blanketi pale lilipokuwa bapa, "Jumatatu ile kule chini niliisubiri simu. Nilijua hiyo ni siku yako. Nikasema, italia, sitaipokea, Alvina atashangaa, atamtuma Ione."

"Nilikuwa nimeacha kukupigia, Selmer. Miaka miwili."

"Nilijua umeacha." Akakunjakunja ncha ya blanketi. "Niliisubiri tu."

Alvina alitoka bila kuaga. Nilimsindikiza hadi kwenye gari la mpwa wake; hakulia. Alisema tu, "Nipe karatasi," akaandika juu ya goti lake, na karatasi hiyo akanipa mkononi ili iwe ya kwanza katika safu yake. Naikumbuka neno kwa neno. *Hakuna mtu aliyekuwa mgeni wa Selmer Brekke Jumapili ya tarehe 11 Februari. Arne Tveit alikuwa mgonjwa. Mimi Alvina Stolp sikumuuliza mtu, nilitunga habari ile ili kujaza nafasi, na kwa sababu yake hakuna aliyekwenda kumtazama Selmer.* Hakunitaja. Aliandika "kujaza nafasi," hakuandika nani aliyeomba ijazwe.

Niliibandika juu kabisa. Wendell akaisoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Toa."

"Ni kweli, Wendell."

"Kweli au si kweli, ina mistari sita. Tuna waandishi arobaini na wanne katika magazeti manane. Tukisema mmoja katunga, kesho nani atasadiki kwamba shangazi yake alikunywa kahawa popote? Babu alijenga hili kwa majina ya watu. Toa, weka tangazo la mbegu."

Ningeweza kusema, mimi ndiye niliyeomba mistari ile. Ningeweza kuvua aproni. Nilikuwa na watoto watatu na nyumba pale Kessel, na hizo ndizo sababu nilizojipa. Nilichukua kisu, nikaibandua. Nta tuliyobandikia ilikuwa haijaganda, ilitoka kwa urahisi. Nikaweka tangazo la mbegu za mahindi.

Jumatano Alvina akafungua gazeti, hakujiona. Hakunipigia kunilaumu. Alikaa kwenye kiti chake kirefu, Jumatano, siku ambayo hakupata kupiga simu maishani, akachukua orodha yake, akaanza na Aasen.

"Sitaki habari leo," alimwambia kila aliyepokea. "Leo ninayo mimi." Kisha akasoma sentensi zile. Wengine walimkatiza, wakasema, Alvina, si kosa lako, umezeeka. Akawaambia, sikiliza hadi mwisho. Orville Dahl alilia. Mama wa tatu kwenye orodha alimwambia hataki kumsikia tena, akakata, na Alvina akampigia tena akamalizia. Ilimchukua siku mbili. Alipofika Selmer aliruka, maana nyumba ile haikuwa na mtu.

Tveit alikuwa wa mwisho ila mmoja. Aliyekuwa wa mwisho alikuwa Ullmann, na Alvina alimpigia Ullmann kwanza.

Gudrun akapokea. Alvina akaanza, "Gudrun, nina habari..."

"Nimeisikia," Gudrun akasema. "Nimeisikia kwa Aasen, kwa Dahl, kwa Fetsch. Tangu jana mchana simu hii inalia. Mji mzima umenipigia, Alvina. Kwa nini mimi wa mwisho?"

"Kwa sababu wewe ndiye niliyekuogopa."

Alvina alisikia saa ya ukutani ya Gudrun.

"Ungeniambia siku ile nilipokupigia," Gudrun akasema, "ningekuletea mkate. Unajua ningekuletea."

"Najua."

"Sasa sijui nitakuletea nini."

Akaiweka simu, bila kuipiga, taratibu tu.

Alvina hakuandika tena. Wendell alimtafuta mwandishi mwingine kusini ya Orrin, hakupata, na nafasi ile ikajazwa mapishi yaliyotoka Kessel kwa magazeti yote manane. Miaka sita baadaye akayauza kwa kampuni ya mbali, nayo ikayafunga moja baada ya jingine, la Orrin likiwa la pili. Alvina hakuishi kuliona hilo. Alikuwa akienda kwa Selmer kila Jumatatu, akikaa saa moja. Sijui walizungumza nini, kwa masikio yale. Gudrun alikwenda Jumapili. Hawakuwahi kwenda pamoja.

Alhamisi ile ya simu, Arne Tveit aliingia mgahawani pale Orrin, mara ya kwanza tangu Februari. Nilikuwa nimeketi na wanaume wengine saba kwenye meza ndefu, wale waliokuwa wamesema maelezo mazuri. Wote walikuwa wamekwisha kupigiwa, au wake zao. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyesema samahani, kwetu maneno hayo hayatoki kirahisi. Tulisogea tu, wanane sisi, tukabanana, ili pawe na nafasi ya mtu mmoja mwishoni mwa benchi. Nami nilisogea.

Arne aliitazama nafasi ile. Akamwambia mhudumu, "Nyeusi tu, mama." Akainywa wima, pale kaunta, hadi chini, akiwa ametupa mgongo. Kisha akatoka kwenda kwenye gari lake, na sisi tukakaa vile, tumebanana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujinyoosha.